Mbwa wa Msasi Aingie Kichakani kwa Ujasiri Gani?

Vijijini, mbwa wa kusaka hupimwa kwa jambo moja: hasiti. Akinusa windo tu keshajitosa kichakani, miiba imchane isimchane, na bwana wake hubaki nje akijigamba kwa majirani. Sifa hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa mbwa anayezungukazunguka ukingoni, mkia kaufyata, hamfai mtu yeyote. Hata hivyo, kwa mapori ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kipimo hicho ni kibovu. Mbwa anayefaa huko ni yule anayeingia kwenye nyasi na matete bila woga, lakini akifika penye kichaka kizito, chenye giza na mizizi iliyosokotana, husimama, hubweka, na akiitwa hurudi. Ujasiri usio na kikomo unafaa nchi nyingine, zenye vichaka vya namna nyingine.

Tuanze na windo lenyewe, sungura, maana jina lake linatupoteza. Kiswahili kimewapa wanyama wawili neno moja. Sungura wa Ulaya, ambaye ndiye asili ya hawa tunaowafuga mabandani, huchimba mashimo, huishi kwa makundi, na akishtuka hukimbilia shimoni au chini ya miiba. Ndiyo maana Waingereza walizalisha mbwa wafupi wenye manyoya mengi, kama spaniel, wa kumfurusha humo. Sungura wa mapori yetu hachimbi shimo. Mchana hujilaza peke yake nyasini au chini ya kijiti, hutulia kimya mpaka adui akaribie kumkanyaga, kisha hufyatuka na kutegemea mbio zake peupe. Ndezi naye ana makao yake: matete na nyasi ndefu za mabondeni, karibu na maji, ambamo huogelea vizuri. Wote wawili ni wanyama wa majani, si wa kiini cha kichaka. Mbwa anayejitumbukiza katikati ya miiba kumtafuta sungura anamtafuta asipokaa, na muda huo sungura keshavuka shamba la ufuta.

Basi humo ndani analala nani? Wa kwanza ni nguruwe pori. Usiku hula mahindi na mihogo ya watu, mchana hujificha kwenye kichaka kizito kuliko vyote anavyoweza kupata. Dume akibanwa hakimbii. Hugeuka, na meno yake huweza kumpasua mbwa tumbo kwa mtikiso mmoja wa kichwa. Nungunungu naye humwachia mbwa miiba usoni na kifuani, na jeraha likioza mbwa hafiki mbali. Nyoka ndio usiseme. C. J. P. Ionides, aliyekuwa bwana nyama Liwale, wilaya inayopakana na Nachingwea, alijulikana duniani kwa kukamata maelfu ya nyoka katika nchi hii ya kusini kabla ya kufariki mwaka 1968. Bafe hasa ndiye hatari kwa mbwa, kwa sababu hategemei kukimbia. Hujilaza tuli kwenye majani makavu, na pua inayokwenda mbio ndiyo inayomkuta.

Kisha kuna simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu 1990, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Mashambulizi mengi yalitokea kusini, Lindi ikiwamo, na yaliongezeka miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Sababu waliyoieleza watafiti hao inatuhusu moja kwa moja: nguruwe pori huwavuta simba hadi mashambani, na wakulima nao hulala kwenye madungu kuamia mazao dhidi ya nguruwe haohao. Maana yake ni kwamba kichaka chenye nguruwe kinaweza kuwa na mgeni mwingine, na mbwa asiyejua kurudi humlazimisha bwana wake kumfuata humo.

Hatari ya mwisho haionekani kwa macho: kichaa cha mbwa. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa bweha walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya visa vya kichaa cha mbwa vilivyogunduliwa kwa wanyama. Mbwa anayepigana na kila anachokikuta kichakani ndiye wa kwanza kuumwa na bweha mgonjwa, na ndiye anayerudisha ugonjwa nyumbani kwenye watoto. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba mbwa wakichanjwa, ugonjwa hupungua hata kwa wanyamapori.

Wapo watakaojibu kwa methali: msasi haogopi mwiba. Ni kweli, lakini methali inautaja mwiba, haikumtaja bafe wala dume la nguruwe. Anayeogopa mwiba hafai kitu. Anayesimama mbele ya nguruwe na kubweka mfululizo anafanya kazi kubwa kuliko anayemrukia, kwani sauti yake inamwonyesha mwenye shamba nguruwe aliko na kumfanya nguruwe asijisikie salama hapo. Wasasi wa Kongo waliolifahamu jambo hili walikuwa na mbwa aina ya basenji, ambao hawabweki kama wengine, wakawafunga kengele za mti shingoni. Mbwa asiyesikika ndani ya pori ni sawa na aliyepotea.

Wengine watasema mbwa wa kienyeji hafundishiki, huyo ni wa kula makombo na kulala uani. Hoja hii inashangaza zaidi ikitoka Lindi, ambako Waislamu ni wengi. Aya ya 4 ya Surat al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na fikihi ya Kishafi ikaeleza nani aliyefunzwa: akitumwa huenda, akizuiwa hukoma, na windo halili. Hakuna mahali ukali wake ulipotajwa kuwa sharti. Kama mafakihi waliona inawezekana kumfunza mbwa kukoma akizuiwa, mkulima wa leo anayeanza na mtoto wa mbwa wa miezi minne, kwa kumwita na kumpa kipande cha ugali kila anaporudi, haombi muujiza.

Liko pingamizi la tatu, nalo ni zito kuliko hayo mawili: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa uwindaji, na mbwa wamo katika njia inazokataza kuwindia. Nakubaliana nalo. Ndiyo maana mbwa ninayemtetea hapa ni wa shamba zaidi kuliko wa nyama, wa kuwinga wanyama kwenye mahindi na mihogo, na kwa kazi hiyo mbwa anayesimama ukingoni na kubweka anatosha kabisa. Kulinda shamba ni kumfanya nguruwe aondoke. Hakuna haja ya kumfuata anapolala.

Kiasi cha ujasiri pia hubadilika na majira. Mvua za kusini huja kwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na nyasi zinapokuwa juu ya kichwa cha mtu mbwa haoni hatua mbili mbele, kwa hiyo huo ndio wakati wa kumweka karibu na sauti ya bwana wake. Kiangazi, moto ukishapita na upupu ukikauka, kilichobaki cha kijani ni vichaka vichache vya mabondeni, na humo ndimo wanyama wengi walimojibana. Hapo mbwa aachwe atembee peupe apendavyo, lakini vichaka hivyo asitumwe kuviingia.

Ukienda kuchagua mtoto wa mbwa, basi, usimchukue anayewakanyaga wenzake kuwahi chakula kwa sababu tu anaonekana dume. Mwite kila mmoja kwa zamu, umchukue anayegeuka kukutazama. Na kabla mahindi hayajaanza kubeba, mpeleke kwa ofisa mifugo wa kata akachanjwe.