HEMOGLOBINI: PROTINI YA DAMU ITANGULIAYO UGONJWA

Katika bweni letu yumo mwenzetu mmoja ambaye kila ufikapo msimu wa baridi huugua. Alfajiri, kengele ikilia nasi tukikimbilia mabomba ya kuogea, yeye hujikunyata kitandani akisema mifupa yamuuma. Hulazwa zahanati siku mbili tatu, kisha hurudi akicheka kana kwamba halikuwako jambo. Tulimwita Bwana Kisingizio, na mimi ndimi niliyemtungia jina hilo. Muhula uliopita alinieleza mwenyewe, wala hakuwa na hasira, kwamba ana selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita sikoseli. Niliona haya, nikaenda maktaba kuusoma. Niliyoyapata nayaandika hapa, maana sidhani kwamba nalikuwa peke yangu gizani.

Damu hupita kila mahali mwilini, nayo huchukua habari za kila ipitapo. Habari nyingi zimo katika protini zake. Troponini, kwa mfano, hukaa ndani ya misuli ya moyo. Daktari akiikuta nyingi katika damu, hujua kwamba moyo umeumia. Albumini hutengenezwa na ini, na ikipungua sana yafaa ini na figo zichunguzwe. Lakini protini ninayotaka kuieleza ni hemoglobini, ile iliyomo ndani ya chembe nyekundu na kuzipa rangi yake. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuigawa mwilini. Molekuli yake moja ni minyororo minne iliyosokotana, yenye asidi za amino 574 kwa jumla.

Mwaka wa 1949, huko Marekani, Linus Pauling na wenzake walichukua hemoglobini ya watu wazima wa afya na ya wagonjwa wa selimundu, wakazitia katika maji yanayopitishwa umeme. Hazikwenda sawasawa. Ile ya wagonjwa ilionekana ina chaji hasi pungufu kuliko ile ya watu wa afya. Hapo ndipo ilipojulikana mara ya kwanza kwamba ugonjwa waweza kutokana na umbo la molekuli moja tu. Miaka michache baadaye, huko Uingereza, Vernon Ingram alipata sababu. Katika mnyororo uitwao beta, mahali pa sita, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imeshika nafasi yake. Minyororo ya beta ni miwili, basi katika zile asidi 574 zilizobadilika ni 2 tu! Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na valini haina, ndiyo maana umeme uliweza kuzitenga.

Hemoglobini ya kawaida ya mtu mzima huitwa A, na hii iliyobadilika huitwa S. Hemoglobini S ikiisha kuitoa oksijeni yake, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ndefu ngumu, na chembe iliyokuwa ya mviringo hupindika kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na mahali palipokosa damu huuma mno. Baridi huibana mishipa hiyo ikazidi kuwa myembamba. Kumbe yale maji ya alfajiri yalikuwa adui wa mwenzetu kweli kweli.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mtoto aliyerithi S kwa baba na kwa mama huzaliwa mnene na mzuri kama watoto wengine, kwa kuwa mtoto mchanga bado anatumia hemoglobini ya tumboni, iitwayo F, nayo haishikamani. F hupungua kidogo kidogo, S ikichukua nafasi yake, na dalili huanza kuonekana yapata miezi sita. Lakini tone la damu ya kisigino, likipimwa siku za kwanza, huonyesha S mapema. Protini imekwisha kusema, na mtoto hajaumwa hata kidole.

Je, yafaa nini kujua mapema? Ugonjwa huu huiharibu wengu tangu utotoni, na wengu ikiharibika bakteria hupata njia ya kuingia katika damu. Mwaka wa 1986 yalitangazwa Marekani majaribio ya watoto 215 wenye selimundu. Watoto 105 walipewa vidonge vya penisilini kila siku, na 110 walipewa vidonge visivyo na dawa. Waliopatwa na maambukizi makali ya damu katika kundi la penisilini walikuwa 2. Katika kundi la pili walikuwa 13. Majaribio yalikatizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine dawa. Hata hivyo penisilini haimfai mtoto ambaye hakuna ajuaye kwamba aihitaji. Ile F nayo ina habari yake: mgonjwa aliyebakiwa na F nyingi kwa kawaida huumwa kidogo kuliko wenzake, na dawa iitwayo haidroksiyurea huwafaa wengi kwa kuiongeza.

Basi kwa nini S imeenea sana kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka wa 1949. Pwani na kando ya Ziwa Victoria waliokuwa na S walizidi 20 kwa kila 100. Nyanda za juu hawakufika hata 1. Mwaka wa 1954 alieleza kwamba wenye A moja na S moja, yaani AS, hukingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Mtu wa AS si mgonjwa. Lakini AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto wa SS. Jirani yangu wa dawati, ambaye hesabu anaziweza, alibisha kwamba wakizaa wanne lazima mmoja awe mgonjwa. La! Kila mimba ni bahati yake mpya. Wanne wote waweza kuwa wazima, au wote wagonjwa.

Protini yaweza pia kumpoteza anayeisoma. Mwaka wa 1968 Samuel Rahbar wa Tehran alitangaza kwamba wagonjwa wa kisukari wana hemoglobini ya namna ya pekee. Baadaye ikaeleweka kuwa ni hemoglobini iliyogandwa na sukari. Chembe nyekundu huishi yapata siku 120, kwa hiyo kipimo hicho husimulia sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, na kikifika asilimia 6.5 huhesabiwa kisukari. Lakini chembe za mtu wa SS nyingi huishi siku 10 hadi 20, hazina muda wa kukusanya sukari. Kipimo chake chaweza kuonekana kizuri, kumbe sukari imezidi. Daktari asiyejua kwanza hemoglobini ya mgonjwa wake atamwambia aende zake nyumbani salama.

Wakati wa likizo nilipimwa mimi nami. Karatasi yangu imeandikwa AS. Mama alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba sasa ataka na Baba apimwe.

Mwenzetu naye ameruhusiwa na mwalimu wa bweni kupata ndoo ya maji moto kutoka jikoni kila asubuhi ya baridi. Siku za zamu yangu humpelekea mimi.