Utabiri wa Kiumbe Asiye na Ubongo

Katika vichochoro vya Kibera, mjini Nairobi, ambako mabomba ya plastiki yapelekayo maji vioskini hulazwa ndani ya mitaro ya maji taka, na viungo vyake vilivyolegea hufyonza uchafu kila mara nguvu ya maji ipunguapo, kuna kiumbe asiye na ubongo, asiye na macho, wala mshipa mmoja wa fahamu, ambaye hata hivyo hujiandaa kwa jambo kabla halijamfika. Huyo ni bakteria Escherichia coli, ambaye tabibu Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885. Aghalabu hana madhara, lakini baadhi ya jamaa zake huwaharisha watoto hata wakafa.

Maji ya mtaroni, katika mji huu ulioinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni baridi. Mwilini mwa mtoto joto ni nyuzi 37, na kitambo kidogo baada ya joto hufuata utumbo, ambamo oksijeni ni adimu. Mwaka 2008 Ilias Tagkopoulos, Yir-Chung Liu na Saeed Tavazoie, wa Chuo Kikuu cha Princeton, walidhihirisha kwamba bakteria huyu, apatapo joto tu, huanza kufunga jeni zitumikazo kupumua kwa oksijeni, ilhali oksijeni ingali tele.

Mwanabiolojia Robert Rosen, aliyetoa mwaka 1985 kitabu juu ya mifumo yenye kutazamia, alipambanua mfumo ungojao kupigwa ndipo uitike, na mfumo uliobeba ndani yake kielelezo cha ulimwengu, ukabadili hali yake ya sasa kwa kufuata yale ambayo kielelezo hicho husema yatakuja. Mchuuzi wa maji wa Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, ajuaye siku za mgao, hujaza mitungi yake na kuipanga juu ya mkokoteni mfereji ungali ukitoa; kielelezo chake kimo akilini. Cha bakteria ki wapi? Kimo katika mafungamano ya jeni zenyewe, ambamo ishara ya joto imefungwa pamoja na kazi ya oksijeni, na aliyeyafunga ni mauti: kwa vizazi visivyohesabika waliochelewa kujitayarisha walizaa haba, na waliowahi wakarithisha tabia yao. Kwangu hili lastaajabisha kuliko muujiza wowote wa hadithini, kwamba yajayo yaweza kutazamiwa na asiyejua kitu.

Hoja hii ilipimwa. Wataalamu wale wa Princeton waliwalea bakteria katika dunia iliyopinduliwa, ambamo joto lilipopanda oksijeni iliongezeka, na kabla ya vizazi 100 kutimia fungamano la kale lilikuwa limelegea. Mwaka 2009, watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walieleza kwamba sukari ya maziwa, ambayo hutangulia utumboni, humwamsha bakteria ajiandae kwa sukari nyingine ifuatayo, maltosi. Waliolishwa sukari ya maziwa pasipo maltosi kwa vizazi 500 walipoteza maandalizi hayo.

Kibera utabiri wa bakteria huyu bado haukosi, kwa kuwa njia ya kutoka mtaroni hadi kinywani iko wazi, na walioiacha wazi ni sisi wanadamu. Wenye mamlaka juu ya maji ya Nairobi na wayatoe mabomba mitaroni.