Kufuma na Kufumua

Sogeeni hapa, wanangu, na yule mwenye kwikwi akanywe maji kwanza. Leo nawasimulia habari ya kopo la biskuti.

Karibu kila nyumba ina kopo la biskuti ambalo ukilifungua hukuti biskuti hata ya dawa. Unakuta vifungo, sindano na nyuzi zilizotatizana. Langu nililifungua siku moja nikitafuta kifungo cha shati, nikakutana na kroshia yangu ya zamani, imeshika kutu, na kando yake kitambaa cha kochi nilichokiacha katikati nikiwa darasa la sita. Kwa asiyeijua, kroshia ni kijiti chenye ncha iliyopinda kama ndoana. Jina lenyewe limetoka kwa Wafaransa, na kwao maana yake ni hiyohiyo, ndoana ndogo.

Nikajisemea, hii mbona naijua! Bibi alinifundisha barazani. Nikakaa, nikashika uzi, na kichwa kikawa kitupu kama mtungi wa kiangazi. Lakini ajabu, kidole cha shahada kilijiinua chenyewe kuupokea uzi, na kile kidogo kikajikunja kuubana. Kichwa kilikuwa kimesahau, mkono bado ulikumbuka. Basi wewe uliyewahi kujifunza ukaacha, usihangaike kukumbuka maneno. Piga mnyororo wa vitanzi, mrefu, usio na kazi yoyote. Wangu ulifika mlangoni. Upande wa mlangoni, nilikoanzia, vitanzi vilibana hadi kroshia haipiti. Huku kochini vilikuwa vimelingana kama punje za mahindi.

Kosa langu lilikuwa uzi. Nilichukua ule wa bibi, wa pamba, mwembamba, na kroshia ya milimita 1.5. Huo ni uzi wa watu wenye macho na subira. Anza na uzi mnene wa sweta na kroshia ya milimita 4 au 5. Rangi iwe nyepesi. Uzi mweusi usiuguse kwa sasa, maana matundu yake hayaonekani hata mchana.

Sasa tazameni mkono wangu. Naingiza ncha kwenye tundu la mnyororo, nanasa uzi, nauvuta: vitanzi viwili viko kwenye kroshia. Nanasa uzi tena, nauvuta upite katikati ya vyote viwili. Kimebaki kimoja. Hilo ni fundo fupi, na ukiliweza hilo umeshapata sweta nusu.

Nilifuma mafundo 15, nikageuza, nikarudi, nikageuza. Kufika mstari wa kumi kitambaa changu cha mraba kilikuwa sambusa. Unajua kwa nini? Tundu la mwisho la kila mstari hujificha pembeni, nami nilikuwa naliruka. Dawa ni kuhesabu, hata kama unaona aibu kuhesabu kwa sauti, na kutia pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye fundo la kwanza la kila mstari. Ukirudi, pini inakwambia mstari unaishia wapi.

Duara nalo lina vituko vyake. Unaanza na mafundo 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, kila mara unaongeza 6, na kazi inalala kama chapati. Ukiongeza pungufu, kingo zinainuka na kuwa bakuli. Ndivyo kofia inavyopatikana, unaacha kuongeza duara likishaenea utosi. Ukizidisha, kingo zinafanya mawimbi kama jani la sukuma wiki. Mimi nililia kwa mawimbi hayo. Kumbe mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliyafuma kwa makusudi! Kulikuwa na umbo la kihisabati ambalo watu walilitengeneza kwa karatasi, nayo ikawa inachanika upesi. Yeye akachukua kroshia, akaongeza mafundo kwa kipimo kilekile mstari baada ya mstari, na wanafunzi wakaweza kulishika umbo hilo mkononi na kulikunja. Kwa hiyo duara lako likileta mawimbi, kabla hujalitupa chini ya kitanda, liangalie vizuri.

Halafu hesabu upya, ufumue. Neno hili nalipenda. Kufuma, kufumua: herufi moja tu katikati. Anayefuma sweta kwa sindano mbili ana vitanzi makumi vilivyo wazi, na kimoja kikiponyoka ana kazi ya kukisaka. Wa kroshia ana kitanzi kimoja. Anachomoa ncha, anavuta uzi, mafundo yanaachia moja baada ya jingine hadi palipo na kosa, naye anaendelea kutoka pale. Uzi haupotei hata kidogo. Bibi alikuwa akifumua huku anapiga soga, wala hakuna aliyemwona amekosea.

Kofia hii niliyovaa nimeifumua mara nne. Kile kitambaa cha darasa la sita sijakigusa bado, kinanitazama tu. Haya, kopo liko juu ya kabati, kroshia zimo tatu. Nani analishusha?