Umepoteza kwenye kamari: je, kasino itakurudishia pesa?

Wakati wa kusi, bahari ya Ngomeni huchafuka. Boti nyingi hubaki pwani, nyavu zinashonwa, na vijana wanakaa chini ya mkilifi, simu mkononi. Ni siku kama hizo, mwaka jana, ambapo binamu yangu alibeti shilingi 46,000 kwa usiku mmoja. Tena hazikuwa zake peke yake. Wavuvi watano walikuwa wamechanga wanunue injini ya boti, na yeye ndiye aliyeaminiwa kuzitunza kwenye simu yake.

Asubuhi akanipigia. Hakuomba mkopo. Aliniuliza hivi: "Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya pesa za simu. Hawa watu waliniona naweka dau juu ya dau mpaka saa tisa usiku. Si wangenizuia? Siwezi kuwashtaki?"

Ni swali zuri, na yeye si wa kwanza kuliuliza. Jibu fupi ni hili: ukiwa mtu mzima na ulicheza kwa hiari yako, kwa kawaida hupati kitu.

Mahakama zilisemaje?

Wapo waliojaribu. Australia, mfanyabiashara wa majumba anayeitwa Harry Kakavas alipoteza dola milioni 20.5 za huko kwenye kasino ya Crown, mjini Melbourne, kati ya 2005 na 2006. Alidai kuwa kasino ilijua ana uraibu wa kamari na ikautumia udhaifu wake. Mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilimkatalia. Majaji walisema alikuwa na uwezo wa kuamua mambo yake mwenyewe: alijua kujadiliana na kasino, na alijua kuondoka akitaka.

Kesi ya Uingereza ndiyo inayouma zaidi. Graham Calvert, mfundishaji wa mbwa wa mbio, aliiomba kampuni ya kubeti ya William Hill imfungie akaunti asiweze kucheza. Ikakubali, lakini haikutekeleza. Akaendelea kubeti kwa simu, na akapoteza takriban pauni milioni 2. Mwaka 2008 mahakama ilikubali kwamba kampuni, kwa kuahidi kumfungia, ilijitwika wajibu wa kumzuia. Lakini bado hakulipwa. Kwa nini? Jaji aliona kuwa hata angefungiwa pale, angeenda kubeti kwingine na kufilisika vilevile. Alikata rufaa, akashindwa tena.

Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Malindi au Mombasa. Lakini sheria zetu zina mizizi ya Kiingereza, na mawakili wetu husoma kesi kama hizo. Kwa hivyo usitegemee muujiza.

Wanawajibika kwa lipi basi?

Si kwamba kampuni za kamari ziko huru kufanya zitakavyo. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Kampuni lazima iwe na leseni. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Na ukishinda kihalali kisha ukanyimwa pesa zako, hapo una malalamiko ya kweli ya kupeleka kwa mamlaka ya kudhibiti kamari. Kushindwa tu si kosa la kampuni.

Na sisi wa malipo je? Muamala ulioidhinisha kwa PIN yako, ukafika kwenye namba ile ile uliyoitaka, haurudishwi kwa sababu dau limeliwa. Kurudishiwa ni kwa aliyekosea namba. Ikiwa mtu mwingine alitumia simu yako bila ruhusa, huo ni wizi. Ripoti mara moja kwetu na kwa polisi.

Ulinzi uko kabla ya PIN

Kwa kuwa sheria hufika pesa zikishaenda, jilinde mapema:

- Pesa za kikundi zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ambayo lazima watu wawili au watatu waidhinishe ndipo pesa itoke.
- Ukiona kamari inakushinda, omba kampuni ikufungie, na uombe kwa maandishi. Hifadhi ujumbe na tarehe. Fanya hivyo kwa kila kampuni unayochezea, usije ukayarudia ya Calvert.
- Ada ya shule, kodi na mtaji viweke kwenye akiba ya kufunga, isiyotoka usiku wa manane.
- Soma taarifa ya miamala yako ya mwezi. Jumlisha zote zilizokwenda kwenye kubeti. Hesabu hiyo haidanganyi.
- Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Aibu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye dau, akitumaini kukomboa kilichopotea.

Binamu yangu hakwenda mahakamani. Alikwenda kwa wale wenzake wanne, wakakaa ufukweni, akawaeleza yote. Mmoja alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Sasa kila wanapovua, sehemu ya fungu lake inakatwa, na pesa za kikundi ziko kwenye akaunti ya watu watatu. Injini bado hawajanunua. Yule aliyeondoka alirudi baada ya wiki mbili, na yeye ni mmoja wa hao watatu.