Moyo, Mguu na Chungu: Siha ya Watu wa Mto Tana

Siku hizi, msomaji, hapana baraza utakayokaa usisikie habari za siha. Mmoja atakwambia ufikiri mema tu, mabaya yatakukimbia. Wa pili atakutaka ukae kimya robo saa kila alfajiri, uiangalie pumzi yako inavyoingia na inavyotoka. Wa tatu atakutaka ukimbie na unyanyue vyuma, na wa nne atakupa orodha ya vyakula ambavyo nusu yake hujapata kuviona Kongowea, sembuse Garsen. Sasa wametokea wataalamu wanaoviunganisha vyote vinne, wakisema kwamba kimoja pasi na vyenziwe hakifui dafu. Kwa hilo wamesema kweli. Wanapotwambia kwamba ni jambo jipya ndipo tunapokohoa kidogo.

Maana Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili wakaisahau nafsi, ilhali viwili hivyo vimefungamana, na kikiugua kimoja hakimwachi mwenziwe salama. Alieleza hofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi kama tabibu aelezavyo homa. Akashauri kwamba mtu mzima wa afya ajiwekee akiba ya fikra njema kabla msiba haujamfika, kama vile watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya mtu kujeruhiwa. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mnamo 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuhudhurisha moyo kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, yeye akichota katika kisima cha Mabudha. Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni twalijua neno hilo: kwamba ulimi ukisoma na moyo uko sokoni, hapana kilichosomwa.

Lakini vitabu tuviache hapo. Nataka kulitazama jambo hili Garsen na vijiji vya Mto Tana, si Mombasa wala Malindi, kwa sababu moja. Huko moyo, mwili na chakula havikuwa vitu mbalimbali, na vilipovunjika vilivunjika pamoja.

Kwa asiyefika, Garsen ni mji mdogo wa njia panda, kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi. Njia moja yaenda Witu na Mpeketoni mpaka Mokowe, ukavuke Lamu. Nyingine yapanda Hola na Garissa. Mto wenyewe, ulio mrefu kupita yote ya Kenya, watoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, wazunguka kiasi cha kilomita elfu moja, na ukishapita Garsen wajitawanya katika mabonde, vinamasi na mikoko hadi Kipini baharini. Mwaka 2012 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Ndipo wanapokaa Wapokomo, wakulima na wavuvi, na Waorma na Wardei, wafugaji, pamoja na jamaa wengine wengi.

Habari ya mguu ni fupi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate dakika 150 kwa uchache za kuutikisa mwili kila wiki. Mwanamke wa Kipokomo anayelima ukingo wa mto kwa jembe la mkono, akatwanga mpunga kwa mchi na kinu, akavuka mto kwa mtumbwi na kafi mkononi, akarudi na kuni kichwani, dakika hizo huzimaliza Jumanne haijafika. Mchunga ng'ombe wa Kiorma anayeyafuata malisho wakati wa kiangazi haambiwi na mtu atembee. Hawa hawana haja ya kununua viatu vya mazoezi.

Habari ya chungu ndiyo inayotaka utuo. Ukulima wa asili wa huko haukungoja mvua inyeshe juu ya shamba; ulingoja mto ufure. Mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zikishapiga huko juu milimani, mto hujaa, ukapanda kingo, ukaingia mabondeni na mchanga laini wenye rutuba. Maji yakipungua, wakulima hufuata nyuma yake wakipanda mpunga, mahindi na kunde katika tope lililobaki. Katika madimbwi hubaki samaki, kambare na perege. Ukingoni ipo migomba, na miembe ambayo matunda yake hufika mpaka Mombasa. Yamo na majani ya kunde, mchicha na mnavu, mboga ambazo mtu wa mjini sasa aambiwa na daktari azitafute.

Na mfugaji naye yumo katika chungu hicho. Bonde likikauka huwa malisho. Ng'ombe wakaja kunywa mtoni, wakaacha samadi. Mkulima alipata maziwa na samli, mfugaji akapata nafaka na ndizi. Tafakari jambo hili, msomaji: nusu ya chakula cha kila nyumba ilitoka katika mkono wa jirani wa kabila jingine. Wataalamu wa lishe wakitwambia tuchanganye wanga, maziwa, samaki, mboga na matunda, watu wa Tana walikuwa wakivichanganya kwa kuchanganyika wao kwa wao.

Ama moyo, nao ulifundishwa na mto. Mtu anayengoja maji yapande kisha yashuke, asijue yatafika wapi mwaka huu, hujifunza kungoja bila ya kulala. Huutazama mto kila asubuhi, rangi yake na kasi yake, na mbegu zake ameziweka tayari. Wanaofundisha watu kuhudhurisha moyo leo wangefurahi kumwona mvuvi aliyesimama katika mtumbwi mwembamba, mamba wako majini naye ayajua hayo. Fikra zake hazina nafasi ya kwenda kwingine. Na mtoto akilia usiku mama alikuwa na wimbo wake wa kumtuliza. Si wengi wanaokumbuka, tunaposimama wima kwa wimbo wa taifa uliopokewa mwaka 1963, kwamba sauti yake imetoka katika wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi nyingine zimechukua sauti za vita. Yetu ilichukua ya kulaza mwana.

Nisidhaniwe nasifu tu mambo ya kale. Malaria ilikuwako, njaa ilikuwako, na kujifungua mbali na hospitali kumeua wanawake wengi. Lakini tuangalie ni nini kilichovunjika.

Kwanza ni mto. Huko juu yalijengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Taa zikawaka Nairobi, nasi wa pwani pia tumezifaidi. Lakini bwawa likishika maji, lile furiko la wastani lililokuwa likija na neema hupungua. Na mabwawa yakijaa pomoni, maji humwagika kwa wingi juu ya mvua iliyokwisha kuushiba mto. Basi mkulima huyakosa maji anapoyataka, akayapata anapoyakimbia. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilivunja hata matuta ya mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa karibu na Garsen. Mafuriko ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 mpaka 2024, yaliwatoa maelfu ya watu majumbani wakahamia mahema katika miinuko.

Pili ni amani. Baina ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, wakulima na wafugaji walishambuliana, vijiji vikachomwa, na watu zaidi ya mia moja wakauawa, wanawake na watoto miongoni mwao. Nimeitaja hesabu, sitaki kuyasimulia yaliyotendeka. Ila siha iliingia humo kwa njia ambayo hesabu ya maiti haionyeshi. Mwanamke anayeogopa kwenda shambani peke yake ameacha kulima na ameacha kutembea kwa siku moja. Mwenye kuogopa soko la jirani amekosa maziwa. Na mwenye kusikia mlio wa risasi usingizini hana usingizi, na asiye na usingizi, matabibu wa leo watakwambia, shinikizo la damu humpanda na sukari ya mwilini humwendea kombo. Mguu, chungu na moyo, vyote kwa pigo moja.

Chungu kilichovunjika kilizibwa na duka. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya kukaangia na soda hufika Garsen kwa lori, havingoji furiko. Kijana ambaye baba yake alipiga kafi sasa yuko juu ya bodaboda, na akimaliza zamu hukaa na muguka shavuni mpaka usiku, hali chakula, halali. Mwezi wa Ramadhani, ambao ungekuwa chuo kamili cha mambo haya, wengi wetu pwani nzima twaufanya msimu wa kukaanga: sambusa, bajia, viazi karai, kaimati zinazoogelea katika shira, kisha twashangaa kwamba twatoka katika funga na uzito zaidi ya tulioingia nao. Mafunzo ya Mtume juu ya thuluthi moja ya chakula, moja ya maji na moja ya pumzi twayajua kwa moyo. Sinia linapotua twayaweka kando mpaka khutuba ijayo.

Sasa mfikirie mtu wa makamo anayekaa katika hema juu ya mwinuko, shamba lake liko chini ya maji. Amekwenda zahanati, ameambiwa ana kisukari. Ameambiwa ale mboga, apunguze wanga, atembee, na asijitie mawazo. Kila neno ni la haki. Lakini chakula anachogawiwa ni mahindi na maharagwe, njia ya kutembea imefunikwa na maji, na mawazo hayo hakujitia yeye. Mwenye njaa hana miiko, walinena wahenga. Kumwambia huyu afikiri mema tu ni kumwongezea mzigo: ana ugonjwa, na sasa ana lawama kwamba ameuleta kwa fikra zake.

Hapa ndipo ninapoachana na wauzaji wa fikra njema. Dhana njema tuliyofundishwa sisi haikuwa kukana kwamba maji yameingia nyumbani. Bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Mkulima wa Tana aliyebeba mfuko wa mbegu akauacha mtungi, huyo ana dhana njema. Ameona siku ya maji kushuka kabla haijafika. Na fikra ya namna hiyo yaweza kufunzwa, yaweza kutiwa nguvu, hata katika hema. Kuvuta pumzi taratibu hakuna gharama, na kumeonekana kusaidia kuteremsha shinikizo la damu. Uradi baada ya alfajiri, mtu akiusoma na moyo ukiwako, humpa utulivu ambao wengine huulipia. Mchezo wa mpira wa vijana jioni huko kambini ni dawa ya mwili na ya huzuni pia, kwani uchunguzi wa miaka ya karibuni umethibitisha kwamba kuutikisa mwili hupunguza majonzi. Na kula kwa utuo, tonge likatafunwa, mazungumzo yakiwako, humfanya mtu ajue ameshiba kabla hajapitiliza.

Haya yote ya mtu binafsi nayakubali, na nayatenda kadiri ya uvivu wangu. Yana mpaka wake. Anayeshika funguo za mabwawa ameshika pia chungu cha Garsen. Maji yakiachiliwa kwa kipimo na kwa wakati, na watu wa chini wakapewa habari mapema, mpunga, samaki na nyasi vyaweza kupata tena sehemu ya msimu wao. Anayesuluhisha mkulima na mfugaji juu ya njia za ng'ombe kufika mtoni anarudisha maziwa katika vikombe vya watoto. Sijui kama wakubwa wa mabwawa na wakubwa wa hospitali wamepata kukaa meza moja.

Hapo zahanati, mpaka meza hiyo ipatikane, daktari aweza kuongeza maswali machache katika yale ya desturi. Baada ya kumuuliza mgonjwa amekula nini, amuulize pia: maji yalifika shambani kwako mwaka huu? Maziwa wayapata kwa nani? Usiku walala? Majibu yake yaandikwe katika kadi ileile inayoandikwa sukari na shinikizo la damu.