Uchovu si Uvivu: Nafsi, Mwili na Lugha ya Mgonjwa, Lodwar na Kakuma

Utangulizi

"Nimechoka" ni kauli ya kawaida katika chumba cha tabibu. Kwa mwenye maradhi sugu, hata hivyo, huenda ikabeba maana zaidi ya kuhitaji usingizi. Makala haya yananuia kufafanua mchango wa nafsi katika uchovu huo, kwa kurejelea Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Hoja yetu ni kwamba uchovu wenye chanzo katika nafsi ni uchovu wa kweli, na kwamba neno tunaloliteua kuutaja laweza kumsaidia mgonjwa au kumwongezea mzigo.

Mwili kwanza

Kifua kikuu, VVU, kisukari na maradhi ya figo huweza kumwishia mtu nguvu. Upungufu wa damu na njaa huzidisha hali hiyo. Mwaka 2025 migao ya chakula Kakuma ilipunguzwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Si haki kumtafutia mgonjwa mwenye njaa sababu za kinafsi kabla ya kumuuliza amekula nini. Aidha, joto kali la Turkana huchosha hata wenye afya.

Mchango wa nafsi

Pamoja na hayo, wagonjwa wawili wenye maradhi yaleyale wanaweza kutofautiana sana kwa uchovu. Kwanza, kuna sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu inayomwondolea mtu hamu ya mambo aliyoyapenda. Pili, wasiwasi huvuruga usingizi, na asiyelala huamka amechoka. Tatu, kuna woga: mgonjwa akihofu kwamba kila mwendo utamdhuru, hukaa, misuli ikadhoofika, na safari fupi ya kesho ikawa ndefu. Wengine hufanya kinyume. Siku ya nafuu hufanya kazi zote, kisha wakalala siku kadhaa. Nne, unyanyapaa humlazimisha mtu kuficha ugonjwa, na kuficha ni kazi isiyo na mapumziko.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 jinsi imani ya mtu katika uwezo wake inavyoathiri juhudi na ustahimilivu wake. Mfugaji asiyeweza tena kufuata mifugo hupoteza nguvu na nafasi yake katika jamii kwa pamoja. Mkimbizi naye hungoja miaka mingi bila kujua hatima yake, na kungoja huko huchosha.

Tatizo la istilahi

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Lodwar, Kiswahili aghalabu ni daraja kati ya mzungumzaji wa Kiturkana na tabibu atokaye kwingine. Kakuma, daraja hilo hupitiwa na Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo na wengineo. Mkalimani akifasiri uchovu kuwa "uvivu", ugonjwa umegeuzwa kuwa kosa la tabia. "Ulegevu" nao unaweza kusikika kama lawama. "Sonona" imezoeleka zaidi Tanzania kuliko Kenya, ilhali "msongo wa mawazo" hutaja shinikizo, wala si lazima huzuni hiyo.

Hojaji ya PHQ-9, iliyofanyiwa utafiti miongoni mwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, ina maswali 9 ya kupima sonona. Mojawapo linahusu uchovu. Kwa kuwa VVU pia huchosha, jibu la swali hilo pekee halitoshi. Sharti tabibu aulize zaidi: Uchovu ulianza lini? Je, hupungua ukipumzika? Yaliyokufurahisha zamani bado yanakufurahisha?

Hitimisho

Uchovu wa maradhi sugu unahitaji uchunguzi wa mwili, tiba ya sonona inapokuwepo, na mpango wa kugawa kazi na mapumziko kwa kiasi anachokimudu mgonjwa. Mazungumzo ya ushauri nasaha husaidia, mradi yasichukue nafasi ya dawa wala chakula. Wanaisimu nao wana wajibu wa kuwapa matabibu na wakalimani maneno yanayoeleweka na yasiyolaumu. Mgonjwa aliyekwisha kuitwa mvivu huenda asirudi kusema tena kwamba amechoka.