Viwambo vya Sauti: Cha Kwanza, Kitulivu Zaidi, Chepesi Zaidi na Sheria Kali Zaidi

Mtu wa Ndanai aliyehamia Marekani au New Zealand huona jambo ambalo kwao Bomet, nchini Kenya, halipo: duka la bunduki lenye viwambo vya kuzuia sauti, vimepangwa rafuni pamoja na darubini na mikanda. Muuzaji atamwambia kila kimoja ni bora kuliko kingine. Hizi hapa ni rekodi zinazomfaa kuzijua kabla ya kutoa pesa.

Cha kwanza kufanikiwa sokoni

Hiram Percy Maxim, Mmarekani, alipata hataza ya kiwambo chake tarehe 30 Machi 1909. Babake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha ya Maxim, silaha iliyobebwa na majeshi ya ukoloni kote Afrika Mashariki. Baba alitengeneza mngurumo, mwana akatafuta namna ya kuuzima. Kiwambo hufanya kazi ileile inayofanywa na ekzosi ya pikipiki: gesi ya moto inayotoka kwa kishindo hupitishwa kwenye vyumba vidogo, ikapungua kasi na joto kabla ya kukutana na hewa ya nje.

Mwindaji maarufu zaidi aliyekitumia

Theodore Roosevelt, Rais wa zamani wa Marekani, alikuwa na bunduki ya Winchester 1894 iliyofungwa kiwambo cha Maxim. Alipanda meli kuja Afrika tarehe 23 Machi 1909, wiki moja tu kabla ya hataza ile kutolewa. Juni mwaka huohuo alikuwa akiwinda katika nyanda alizoziita Sotik, jina ambalo leo ni la kaunti ndogo yenye Ndanai. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, na huo ni ukumbusho tosha wa kwa nini Kenya ilikuja kuufungia uwindaji mlango.

Bunduki tulivu zaidi

Kwa bunduki ndefu za vita, sifa hiyo hupewa De Lisle, karabini ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilitumia risasi nzito ya .45 iendayo polepole kuliko sauti, na kiwambo chake kikubwa kilizunguka mtutu wenyewe. Siri iko hapo kwenye mwendo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani, ilhali risasi ya kuwindia swala huzidi mita 800. Risasi ya kasi hiyo hupasua hewa kwa mlio mkali njia nzima, na hakuna kiwambo kinachoweza kuuondoa. Kwa mlenga shabaha wa kawaida, bunduki ndogo ya .22 yenye risasi za mwendo wa chini ndiyo tulivu kuliko zote.

Uongo uliosambaa zaidi

Filamu zimetufundisha kwamba kiwambo huifanya bunduki inong'one. Si kweli. Bunduki ya kuwindia hulia kwa desibeli 160 hadi 170, na kiwambo kizuri hupunguza kati ya 20 na 35. Kupungua kwa desibeli 30 ni kubakiwa na sehemu moja ya elfu ya nguvu ya sauti. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini kinachobaki bado hukaribia 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kudhuru sikio. Kwa hiyo vaa vizibo vya masikio hata ukiwa na kiwambo. Usikivu uliopotea kwa mlio wa bunduki haurudi.

Chepesi zaidi, na kinachostahimili zaidi

Kwa mwindaji anayepanda milima kutwa, titani hushinda: ni nyepesi na haili kutu. Kwa mlenga shabaha anayefyatua mfululizo, chuma cha pua hustahimili joto vyema zaidi, ingawa ni kizito mtutuni. Aluminiamu inatosha kwa .22. Tundu la kiwambo lisiwe kamwe jembamba kuliko risasi yako, na nyuzi za mtutu zikatwe na fundi wa bunduki, kwa kuwa kiwambo kilichopinda kidogo tu kitagongwa na risasi. Tazama pia urefu: kiwambo kirefu hupoza sauti zaidi, lakini hunasa vichakani na kuvuruga mizani ya bunduki.

Kodi iliyoganda kwa muda mrefu zaidi

Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa kila kiwambo mwaka 1934. Haikupanda wala kushuka kwa zaidi ya miaka 90, mpaka ilipofanywa sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Usajili na uchunguzi wa mwombaji vingalipo, na baadhi ya majimbo bado yanakataza kabisa. Aliyeko huko kwa viza ya muda ajue kwamba sheria ya shirikisho humzuia kumiliki silaha isipokuwa kwa masharti maalumu. Aliyeko New Zealand naye aulize masharti ya huko kabla ya kununua.

Sheria kali zaidi

Kati ya nchi hizi tatu, hapo ndipo Kenya inaposimama. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inauhesabu uwindaji wa burudani kuwa kosa la jinai. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakiweka kifaa cha kupunguza mlio au mwanga wa bunduki katika kundi la silaha yenyewe. Ukali huo una sababu. Mlinzi wa kifaru au ndovu hutegemea sikio lake usiku, na jangili mwenye kiwambo humnyang'anya onyo muhimu.

Hukumu yangu ni hii: palipo na uwindaji halali, kiwambo ni kinga ya masikio, na chaguo bora ni kile kinacholingana na risasi yako, mwendo wako na sheria ya mahali ulipo. Ukija likizo nyumbani, usikibebe hata kama ni kitupu, bila bunduki. Na ukisikia mtu anauziwa kimoja kichinichini Ndanai, Sotik au kwingineko, toa taarifa kwa polisi.